Mwalimu na Majina Yake ya Wapumbavu

Siku ya kwanza kukutana na Mwalimu aliniita noddy, nami nikamshukuru. Nilikuwa msichana mwenye wiki mbili tu Texas, nimevaa kizibao cha kazi kilichonizidi mabega, na kila nililoambiwa nililiitikia kwa kichwa. Lifti iko kule, ndiyo. Abiria huyu haoni vizuri, ndiyo. Breki za kiti kanyaga kwanza, ndiyo. Mzee mmoja mwembamba, amefunga tai ndani ya kizibao kama changu, akanitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka kama cha redio kwamba mimi ni noddy kamili. Nikadhani ni sifa.

"Thank you, sir," nikasema.

Alicheka mpaka akalazimika kuketi kwenye kiti cha magurudumu alichokuwa anakisukuma.

"Wewe Mtanzania," akaniambia kwa Kiswahili. "Mkenya angeuliza maana kwanza."

Wote tulimwita Mwalimu, hata Wamarekani wa pale kazini, ambao walidhani ndilo jina lililoandikwa kwenye pasipoti yake. Kazi yetu ilikuwa kuwasukuma abiria wazee na wagonjwa kutoka mlango wa ndege hadi penye mizigo, katika uwanja ule mkubwa ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Wengi wetu tulikuwa Waafrika, na mimi nilikuwa mmoja wa wale walioshinda bahati nasibu ya viza. Yeye aliletwa na binti yake, muuguzi, baada ya kustaafu kufundisha Kiingereza upande wa Masasi. Alikuwa amepita miaka sitini. Angeweza kukaa nyumbani Euless akilea wajukuu, lakini alisema hakuvuka bahari kuja kutazama televisheni.

Nilifanya kazi naye miaka minne. Nimekula chakula chake, nimempeleka kliniki, nimemsikia akiomba na akigombana. Hata hivyo mtu akiniuliza leo Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, naanza sentensi halafu siimalizi.

Nianze na maneno yake, maana ndiyo yaliyotuletea yote. Kiingereza alifundishwa na Sista mmoja, mtawa kutoka kaskazini ya Uingereza, aliyefika Masasi akiwa tayari mtu mzima sana. Kwa maelezo ya Mwalimu, Sista huyo alivumilia joto, malaria na wizi wa kuku, lakini ujinga hakuuvumilia. Na hakuwa na neno moja la kumwita mjinga. Alikuwa nayo mengi, maneno ya kijijini kwao, ya bibi zake, ambayo hata Waingereza wenzake wa pale misheni walikuwa wameyasahau. Aliyagawa darasani kama peremende. Mwalimu aliyaandika yote kwenye daftari, na daftari hilo nimeliona kwa macho yangu Euless, jalada limebanduka, limefungwa kwa kamba ya kiatu.

Kwake maneno yale hayakufanana hata kidogo. Noddy ni mtu anayeitikia asichokielewa. Looby ni mpumbavu mwenye mwili mkubwa, anayegonga meza kila akipita. Mooncalf anaota huku macho yamefunguka. Gomeril anaongea sana juu ya jambo asilolijua. Na gowk, alilolipenda kuliko yote, kwanza ni jina la ndege wa huko kwa kina Sista, halafu ni mtu anayetumwa na ujinga wa mwenzake. Anakwenda, anarudi, wala haulizi ametumwa nini.

"Kwa nini yawe mengi hivyo?" nilimuuliza siku moja wakati wa chakula.

"Na ya kwetu je? Hesabu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mjinga. Mpumbavu. Zuzu. Bwege. Juha. Zumbukuku. Mbumbumbu. Punguani."

"Na zoba," akadakia Mkongo mmoja tuliyekuwa naye mezani.

"Kumbe na ninyi mnalo!" Mwalimu alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Kisha akanigeukia. "Unaona? Kila mmoja ana ugonjwa wake. Ukimpa mgonjwa wa tumbo dawa ya macho, umemtibu?"

Alichokuwa hakijui, au hakutaka kukijua, ni kwamba Texas nzima hapakuwa na mtu anayeyaelewa maneno hayo. Jumamosi alifundisha Kiingereza bure katika chumba cha nyuma cha kanisa moja, na wanafunzi wake wengi walikuwa wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki waliopangishiwa nyumba Haltom City. Mimi nilikuwa nawachukua watu wanne kwa gari langu, maana basi halikufika. Walimpenda sana. Walijifunza wakati uliopo, wakati uliopita, na majina ya wapumbavu, kisha Jumatatu wakaenda navyo duniani. Mama mmoja wa Uvira alipoulizwa na daktari habari za mwanawe, akajibu kwa kujiamini kwamba mtoto hana homa, ila ni mooncalf. Daktari alimwomba alitaje neno herufi kwa herufi, akaliandika kwenye faili. Mama yule akatusimulia kwa fahari kwamba mpaka daktari wa Amerika alikuwa hajafika alipofika yeye kwa Kiingereza.

"Mwalimu, mwambie ukweli," nilimnong'oneza.

"Ukweli upi?"

"Kwamba hayo maneno hayatumiki hapa."

"Yanatumika," akasema. "Amelitumia."

Nilidhani, basi, ni mtu wa dharau, anayeshinda akitafuta wajinga. Lakini mwanafunzi mmoja Mrundi alisahau mafuta jikoni akaenda kufua, na jiko likaungua, ukuta wote ukawa mweusi, zimamoto wakaja na meneja wa nyumba akaja. Sisi sote tulimngoja Mwalimu aseme. Tulijua neno la siku hiyo litakuwa kubwa. Mwalimu alifika kwa miguu, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaomba ndoo na sabuni. Alisugua masizi mpaka saa kumi za jioni pamoja na yule Mrundi, na hakusema neno lolote kwa lugha yoyote. Kesho yake akaniita mimi looby kwa kugonga kiti kwenye mlango wa lifti.

Nyumbani ndiko alikoniacha hoi kabisa. Nilikwenda kula pilau siku ya sikukuu, nikamkuta amekaa na wajukuu wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine tisa. Wao wanaongea Kiingereza, yeye anajibu Kiswahili, na akikasirika Kimakua. Nikamwambia yule mkubwa, kwa utani tu, kwamba ana bahati kuwa na babu mwalimu wa Kiingereza.

"Babu doesn't speak English," mtoto akanijibu.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Binti yake akacheka, akasema miaka yote minne ya nyumba ile hajamsikia baba akisema sentensi nzima ya Kiingereza mezani. Nilipomuuliza mwenyewe baadaye, alisema Kiingereza ni cha kazini kama kizibao. Siku nyingine akaniambia aliona haya, maana wajukuu walimcheka matamshi. Sijui jibu lipi ni la kweli. Pengine yote mawili, pengine hakuna.

Kuendesha gari pia alikataa. Katika nchi ambayo barabara hazina hata njia ya miguu, Mwalimu alitembea na tai yake pembeni mwa magari, na mara mbili polisi walisimama kumuuliza kama amepotea. Aliwashukuru, akawauliza wao wanakwenda wapi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Msimamizi wetu alikuwa Mvietnamu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mtu wa sheria. Mchana mmoja Mwalimu na mimi tulikuwa getini na bibi mmoja Mhindi anayesubiri ndege ya kwenda kwa mwanawe. Miguu ya bibi ilikuwa imevimba. Msimamizi akaja mbio na karatasi mkononi, akasema kiti kile kimeandikiwa ndege nyingine, bibi ahamie kwenye benchi. Benchi lilikuwa limejaa. Mwalimu akamwonyesha. Msimamizi akaonyesha karatasi. Bibi, ambaye hakuelewa lugha lakini alielewa nyuso, akaanza kujiinua mwenyewe.

Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani: "Don't be a gowk, sir."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona msimamizi akibadilika rangi. Nikaona abiria wawili Wamarekani wakigeuka. Mpaka hapo sikujua kwamba kuna tusi jingine, fupi, linalofanana na neno la Mwalimu ukilisikia haraka. Tusi ambalo Wamarekani waliwatukania watu wa asili ya msimamizi tangu wakati wa vita vya kwao. Sitaliandika. Mwalimu naye hakulijua, au ndivyo nilivyoamini. Msimamizi alikiacha kiti, akaondoka, na bibi akabaki ameketi.

Siku ya pili tuliitwa ofisini, mmoja mmoja. Mama wa utumishi alikuwa mpole sana. Aliniambia kampuni haivumilii maneno ya ubaguzi, na kwamba mashahidi waaminifu wanathaminiwa. Akanikumbusha, kama anayepiga soga, kwamba nimeomba kuhamia kaunta ya tiketi. Kisha akanipa karatasi niandike nilichosikia.

Nilikisikia. Nililijua neno lile kama ninavyolijua jina langu. Lilikuwa namba tano katika daftari. Lakini niliwaza, nikiandika kwamba alimwita mpumbavu, si ni tusi vilevile? Na nikianza kueleza habari za Sista na ndege wa kaskazini, nani ataniamini, na mimi nitaonekana wa upande gani? Nikaandika mstari mmoja: sikusikia vizuri. Nikatia sahihi.

Mwalimu alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Mwezi uliofuata mimi nikahamia kaunta.

Hakuniuliza niliandika nini. Jumamosi alifundisha kama kawaida. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya hasira, sikuiona, na kutoiona kukanitesa zaidi. Wiki ya tatu baada ya darasa akaniambia, "Mwanangu, unipeleke mahali."

Mahali penyewe palikuwa Haltom City, nyumbani kwa msimamizi. Sijui anwani aliipata wapi. Njia nzima alishikilia daftari lake mapajani. Mlango ulifunguliwa na mama mzee aliyevaa soksi na kandambili. Alimwona mzee mwenzake mwenye tai, akamwinamia, Mwalimu naye akainama. Tukakaribishwa kabla ya kuulizwa sisi ni nani. Msimamizi alipotoka chumbani na kutukuta tumeshika vikombe vya chai, alisimama pale pale.

Yaliyosemwa yalisemwa kwa Kiingereza. Mwalimu alifungua daftari, akaweka kidole kwenye neno, akalisoma polepole, akaeleza ndege, akaeleza mtu anayetumwa. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukuniita hivyo. Uliniita mpumbavu."

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

"Mbele ya abiria."

"Ndiyo. Kwa hilo nimekuja kukuomba radhi. Lile jingine siwezi kuliombea radhi, kwa sababu sikulisema."

Msimamizi aliketi. Akasema aliletwa nchi hii akiwa na miaka sita, na shuleni watoto walimwita neno lile kila siku, mpaka mwaka wa kwanza akadhani ndivyo anavyoitwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasa alipomuuliza jina lake, alilitaja hilo. Mama yake mzee, asiyejua tunasema nini, alikuwa anaongeza chai.

Mwalimu alifunga daftari.

Kisha msimamizi akanigeukia. "Na wewe ulikuwa pale. Ulisikia nini?"

"Gowk," nikasema. "Nilisikia gowk."

"Mbona uliandika hukusikia?"

Niliikodolea macho chai yangu. Mwalimu akajibu kwa niaba yangu. "Alikuwa ameinama anakaza breki ya kiti. Huwa zinapiga kelele." Alisema hivyo bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Breki za kiti kile hazikuwa na kelele, na mimi sikuwa nimeinama. Msimamizi alijua, maana alikuwa amesimama mbele yangu.

Baada ya siku chache msimamizi alikwenda ofisini mwenyewe, akaeleza. Ofisi ikampigia simu Mwalimu kwamba anaweza kurudi. Akakataa. Binti yake alinipigia simu analia, akaniomba nimshawishi. Nilikwenda.

"Walinifukuza kwa neno ambalo sikulisema," aliniambia. "Lakini lipo nililolisema. Nilimwambia mtu mzima, mbele za watu, akiwa kazini kwake. Acha nifukuzwe kwa hilo."

"Lakini alikuwa anamwondoa bibi wa watu kwenye kiti!"

"Alikuwa anamwondoa. Ndiyo."

"Sasa ulikuwa na haki au hukuwa nayo?"

"Hilo," akasema, "nalifikiria bado."

Sikuelewa, na naogopa kwamba yeye pia hakuelewa. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo majina yalikoma. Mtu akikosea darasani alisema, "Rudia," basi. Darasa likawa baridi. Watu walikosea wakangoja, wakatazamana. Mwishoni yule mama wa Uvira hakuvumilia.

"Mwalimu, juu ya nini hautuite tena majina? Siku hizi hautupende? Tumekosa nini?"

Wengine wakaunga mkono. Mzee akageukia ubao, akaufuta, ingawa haukuwa na kitu. Nusu ya darasa ilikuwa imekwisha kuacha kuja kilipofika kiangazi.

Kuhusu mimi na yeye hapakuwa na ugomvi. Alinisalimia, nilimsalimia. Nilimpelekea zawadi za sikukuu, akazipokea kwa mikono miwili. Mara kadhaa nilianza, "Mwalimu, ile karatasi," na kila mara palitokea jambo: simu, mtoto, chungu kinachemka. Sikumbuki kama mambo hayo yalitokea yenyewe au niliyasubiri. Nikaolewa, nikahamia Houston, yeye akabaki Euless. Mwaka baada ya mwaka nilijisemea nitampigia.

Nilimwona tena Houston, katika ukumbi mkubwa tulikokwenda kuapa uraia. Tulikuwa mamia, kila mmoja na bahasha yake. Nilisikia mtu akilalamika kwa Kiswahili kwamba sentensi aliyopewa kuandika kwenye mtihani ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili, na kwamba angalau wangempa yenye vishazi viwili. Nikageuka. Alikuwa amekonda zaidi, ana fimbo, tai imefungwa vizuri. Binti yake, aliyekuwa amehamia hospitali moja ya huko, alikuwa anamtafutia kiti.

"Da! Wewe!" binti akanikumbatia. "Basi kaa naye, maana sisi wageni tunakaa juu. Miguu yake ndiyo imechoka tu. Kumbukumbu yake inanishinda mimi, bado anataja wanafunzi wake wote wa Masasi kwa majina na safu walizokaa."

Tuliketi. Aliniuliza habari za mume wangu kwa jina, na mama yangu anaendeleaje na goti. Alikuwa hajasahau hata goti. Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Mwalimu, siku ile getini, na yule bibi wa Kihindi. Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa, nikaandika uongo. Nilitaka ile kazi ya kaunta. Nisamehe."

Alinitazama kwa utulivu, kama anayemtazama mwanafunzi aliyeleta kazi ya mtu mwingine.

"Siku ile wewe hukuwepo," akasema.

"Nilikuwepo, Mwalimu. Nilikuwa hatua mbili nyuma yako."

"Hapana. Alikuwepo kijana mmoja mrefu, Mkenya. Wewe ulikuwa likizo."

"Sikuwa likizo. Tulikwenda mpaka Haltom City! Mimi ndiye niliyekuendesha."

"Haltom City ulinipeleka," akakubali. "Nakumbuka chai. Lakini getini hukuwepo, mwanangu. Ungekuwepo ningekuona."

Nilitafuta usoni mwake kitu chochote, mzaha, huruma, ukungu wa uzee, hata chuki. Macho yake yalikuwa maangavu. Siku ile hapakuwa na Mkenya yeyote getini, nina hakika. Angalau nilikuwa na hakika mpaka dakika ile. Nilitaka kumshika mkono nimlazimishe akumbuke, ili nami nipate kusamehewa au kulaumiwa, lolote, niondoke nalo.

"Mwalimu, tafadhali," nikasema.

Mtu wa mbele akagonga kipaza sauti. Safu zikaanza kuinuka moja baada ya nyingine, viti vikalia ukumbi mzima. Yeye akaegemea fimbo yake, akainuka kwa shida, akaiegemeza kitini, akaninyooshea mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia alikuwa amekwisha kuuinua kwa kiapo.

"Simama," akaniambia. "Wanatungoja."